Jinsi ya Kupima Upeo wa Muda Kabla ya Kuamua

Kila uamuzi umebeba ndani yake makisio ya muda, ingawa mara nyingi makisio hayo hayatamkwi. Anayenunua viatu vya bei rahisi amekwisha kukisia atavivaa mpaka lini. Anayekataa kujifunza lugha mpya akiwa na miaka 50 amekwisha kukisia imebaki miaka mingapi ya kuitumia. Na anayenuniana na ndugu yake bila haraka ya kupatana anaamini, pasipo kujiuliza, kwamba nafasi ya kupatana ipo tele. Makisio hayo ndiyo yanayoitwa hapa upeo wa muda, yaani ule umbali ambao mtu anauona mbele yake anapoitazama kazi yake, uhusiano wake, afya yake au maisha yake kwa jumla. Hoja ya mwongozo huu ni moja: watu hujadiliana kwa kina wachague nini, lakini ni wachache wanaojiuliza wanaamini wamebakiwa na muda kiasi gani, na mengi tunayoyaita uvivu, pupa au ukaidi ni matokeo ya kutumia upeo usiolingana na jambo lililopo.

Yafuatayo yanahitaji karatasi, kalamu na uamuzi mmoja wa kweli ulio mbele yako. Uamuzi wa kubuni haufai, kwa sababu katika jambo la kubuni kila mtu ana busara.

Nguvu ya muda unaouona

Mwanasaikolojia Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford, pamoja na wenzake, amekuwa akilichunguza suala hili tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katika mojawapo ya majaribio yao, watu waliulizwa swali jepesi: ukiwa na nusu saa ya bure, ungependa kuitumia na nani kati ya jamaa wa karibu, mwandishi wa kitabu ulichotoka kukisoma, na mtu uliyefahamiana naye juzijuzi ambaye mnaelekea kupatana? Wazee wengi walimchagua jamaa, ilhali vijana hawakuegemea upande mmoja. Vijana walipoambiwa wajione kama watu wanaojiandaa kuhamia mbali peke yao, nao walimchagua jamaa. Wazee nao walipoambiwa wachukulie kwamba daktari amewapigia simu kuwaarifu juu ya tiba mpya itakayowaongezea miaka 20 ya kuishi, ule mwelekeo wao wa kumchagua jamaa ulitoweka. Hali kama hiyo ilionekana pia nje ya chumba cha majaribio. Kabla ya Hong Kong kukabidhiwa China mwaka 1997, wakati wakazi wengi wakiona kwamba zama fulani zinafikia kikomo, vijana wa huko walichagua kama wazee. Mwaka mmoja baada ya makabidhiano, tofauti kati ya vijana na wazee ilirejea.

Maana yake ni kwamba tulichozoea kukihesabu kuwa tabia ya umri, kwa sehemu kubwa, ni tabia ya upeo. Anayeuona muda mrefu mbele yake hukubali usumbufu wa leo ili avune kesho: husoma mambo magumu, huvumilia watu asiowapenda kwa sababu huenda wakamfaa, hutafuta mapya. Anayeuona muda mfupi huyaacha hayo na kushika yenye maana kwake sasa, na watu wachache anaowajua kwa undani. Hakuna kati ya mielekeo hiyo miwili iliyo bora kuliko mwenzake. Ubaya huanza pale upeo mmoja unapotawala jambo linalohitaji mwingine.

Kuhusu furaha, utafiti wa kundi hilohilo unaeleza kwa nini wazee wengi hawana huzuni kama vijana wanavyodhani: akili iliyokwisha kubaini kwamba muda si mwingi huacha kuhangaikia yasiyo na uzito, na huelekea kutazama na kukumbuka mema zaidi kuliko mabaya. Lakini si haki kuubebesha upeo kila kitu. Mwezi Aprili 2020, katikati ya janga la UVIKO-19, wazee wa Marekani ambao ndio waliokuwa hatarini zaidi waliripoti hali nzuri ya moyo kuliko vijana, na tofauti hiyo ilibaki hata pale watafiti walipozingatia kiasi cha hatari ambacho kila mmoja alikihisi. Uzoefu wa miaka mingi wa kupambana na mawazo yake mwenyewe huenda nao unampa mzee kitu.

Itoe hadharani namba unayoitumia

Hatua ya kwanza ni kuandika sentensi hii na kuikamilisha kwa namba: "Ninaelekea kuchagua hivi kwa sababu naamini nimebakiwa na miaka, miezi au nafasi kadhaa za..." Namba ni ya lazima. Ukiandika "muda mrefu" au "muda mchache" hujaandika kitu, kwa kuwa maneno hayo yanaweza kubeba chochote na ndiyo maana tunayapenda. Wengi wanapofika hapa hushtuka kidogo, si kwa sababu namba ni ndogo au kubwa, bali kwa sababu hawakuwa na namba yoyote.

Fanya hivyo kwa kila eneo peke yake. Mtu mmoja anaweza kuwa na upeo wa miaka 30 katika ujenzi wa nyumba, wa wiki 2 katika fedha, na usio na mwisho kabisa katika urafiki, na zote hizo zikaishi ndani ya kichwa kimoja bila kugongana kwa kuwa hazijawahi kuwekwa kwenye karatasi moja. Ikiwa namba haiji, sikiliza kauli unazozitoa unapozungumzia jambo hilo. "Bado kuna muda" ni kauli ya mtu ambaye upeo wake hauna ukuta. "Nimeshachelewa" ni ya yule aliyeufunga mlango kabla ya kuujaribu. "Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo" ni methali nzuri kwa anayechelewa kuomba msamaha, lakini ni mshauri mbaya kwa aliyepokea mshahara asubuhi hiyo.

Kuna kauli moja inayohitaji uangalifu wa pekee, nayo ni "liwalo na liwe". Philip Zimbardo na John Boyd, katika dodoso lao la mwaka 1999 la kupima mtazamo wa mtu juu ya wakati, walitenganisha aina mbili za kuishi kwa ajili ya sasa: ya anayeifurahia siku yake, na ya anayeamini kwamba hata afanyeje hatabadilisha kitakachotokea. Kwa nje watu hao wawili hufanana, kwani wote hawaweki akiba na wote hawapangi. Kwa ndani hawafanani hata kidogo, na mbinu za kurefusha upeo zitakazoelezwa baadaye humsaidia wa kwanza kuliko wa pili. Anayesema "liwalo na liwe" kwa kukata tamaa anahitaji kwanza jambo moja dogo lililo chini ya uwezo wake, alifanye na aone matokeo yake, kabla ya kuzungumziwa habari za miaka 10 ijayo.

Ipime namba hiyo

Namba ikishaandikwa, swali linalofuata ni kama ni ya kweli, na hapa kwa kawaida tunakosea kwa kuongeza. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross waliripoti kwamba wanafunzi wa chuo kikuu walioulizwa wangemaliza tasnifu zao baada ya siku ngapi walikisia wastani wa siku 33.9, lakini wakachukua siku 55.5. Hata walipotakiwa wakisie hali ikiwa mbaya kabisa, walitaja siku 48.6, ambazo nazo hazikutosha. Ni kosa ambalo Daniel Kahneman na Amos Tversky walikuwa wamelieleza tangu mwaka 1979, na dawa waliyoipendekeza bado ndiyo bora: acha kuitazama kazi yako kutoka ndani, tafuta watu waliowahi kufanya kazi ya namna hiyo, uliza iliwachukua muda gani hasa, kisha anzia na namba yao badala ya matumaini yako. Ukiona una sababu nzuri za kuamini kwamba wewe utakuwa na kasi zaidi, kumbuka kwamba nao walikuwa nazo.

Kwa mambo yanayohusu watu, kipimo cha miaka hudanganya, kwa sababu miaka hujaa siku ambazo jambo lenyewe halitokei. Hesabu nafasi. Chukua mfano wa mtu mwenye miaka 48 aliyepata fursa ya kusomea fani mpya kwa miaka 3, huku mama yake mwenye miaka 77 akiishi mbali naye na wakionana mara 2 kwa mwaka. Alipoulizwa anaamuaje, alijibu kwa pumzi moja: "Nikimaliza nitakuwa na miaka 51, nimeshachelewa, hata nikisoma, mama bado ana nguvu, nitamtembelea vizuri nikimaliza." Jibu hilo linasikika kama la mtu mmoja mwenye fikra moja, lakini lina peo mbili zilizopotoka kuelekea pande tofauti. Akifanya kazi mpaka miaka 65, fani mpya ataitumia kwa miaka 14, muda mrefu mno kwa mtu kusemwa kwamba amechelewa. Upande wa mama, hata kama tutakuwa wakarimu na kusema wana miaka 10 mbele yao, wamebakiwa na kuonana mara 20, na akiahirisha safari kwa miaka 3 atakuwa ametumia 6 kati ya hizo bila kumwona. Hajabadilisha maadili yake wala mapenzi yake. Amebadilisha namba tu, na uamuzi wake umegeuka: asome, na safari ziendelee, hata ikibidi ziwe fupi.

Kuhusu umri, kuna kosa moja la hesabu linalostahili kusahihishwa kwa sababu huwafungia watu milango bure. Wastani wa umri wa kuishi unaotangazwa kwa nchi au dunia kwa kawaida huhesabiwa tangu kuzaliwa, na ndani yake wamo waliofariki wakiwa wachanga na waliofariki ujanani. Mtu aliyekwisha kufikisha miaka 60 ameshazipita hatari hizo, kwa hiyo umri anaoweza kutarajia kuufikia ni mkubwa kuliko wastani huo. Anayechukua wastani wa kuzaliwa, akatoa umri wake, na kuhitimisha kwamba amebakiwa na miaka 8, amejipunja. Takwimu sahihi kwake ni ile inayoonyesha watu waliofikia umri wake huishi miaka mingapi zaidi, na taasisi za takwimu huitoa katika jedwali za maisha.

Kosa jingine la kujipunja halihusu urefu wa maisha bali mabadiliko ya mtu mwenyewe. Mwaka 2013 Jordi Quoidbach, Daniel Gilbert na Timothy Wilson walichapisha matokeo ya zaidi ya watu 19,000 wenye miaka 18 hadi 68: wa kila umri walikiri kwamba walikuwa wamebadilika sana katika miaka 10 iliyopita, na wa kila umri walitabiri kwamba katika miaka 10 ijayo wangebadilika kidogo tu. Kwa hiyo unapojifunga kwa jambo la muda mrefu kwa hoja kwamba "hivi ndivyo nilivyo", jiachie mlango wa kutokea.

Kabla ya kuendelea, ni lazima kusema kwamba upeo mfupi wakati mwingine ni sahihi. Majaribio maarufu ya Walter Mischel, yaliyowapa watoto uchaguzi wa kula kitamutamu kimoja sasa au kusubiri wapate viwili, yalichukuliwa kwa miaka mingi kama kipimo cha kujizuia. Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake waliongeza kitu kidogo: kabla ya jaribio, baadhi ya watoto waliahidiwa vifaa vizuri vya kuchorea wakaletewa, na wengine wakaahidiwa wasiletewe. Waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani wa dakika 12; waliovunjiwa ahadi walisubiri dakika 3. Mtoto aliyekula mapema hakuwa dhaifu, alikuwa amesoma mazingira yake. Vivyo hivyo, mtu ambaye akiba yake iliwahi kupotea mikononi mwa aliyemwamini, au ambaye kipato chake hakijulikani mpaka jioni, huenda anapima upeo wake vizuri kuliko mshauri wake. Akitaka kuurefusha, aanze kwa kutafuta mahali salama pa kuweka vitu vyake, si kwa kuhubiriwa subira.

Kuurefusha upeo uliofupika mno

Ikiwa umegundua kwamba katika jambo fulani unaona karibu kuliko inavyostahili, anza na lugha unayojiambia. Daniel Read na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba watu huvumilia kusubiri zaidi wakiambiwa tarehe kuliko wakiambiwa urefu wa muda, hata pale ambapo hizo mbili ni sawasawa. "Baada ya miezi 18" huielekeza akili kwenye uchovu wa kusubiri. Tarehe kamili huielekeza kwenye siku yenyewe, ambayo ina hali ya hewa yake, mahitaji yake na watu wake. Kwa hiyo katika mipango ya akiba, masomo au matibabu, andika tarehe.

Mbinu ya pili, ambayo ushahidi wake ni mzito zaidi, ni kumfunga mtu wa kesho kwa makubaliano yasiyomuumiza mtu wa leo. Richard Thaler na Shlomo Benartzi waliwapa wafanyakazi wa kampuni moja mpango wa kuweka akiba ambao haukukata chochote kwenye mshahara wa wakati huo. Walichokubali ni kwamba kila watakapoongezewa mshahara, sehemu ya nyongeza iingie moja kwa moja kwenye akiba. Katika ripoti yao ya mwaka 2004, waliojiunga walipanda kutoka kuweka asilimia 3.5 ya mshahara hadi asilimia 13.6 katika miezi 40. Siri yake ni kwamba mpango haukujaribu kumfanya mtu awe mvumilivu. Uliutumia udhaifu wake uleule wa kuona kwamba gharama ya kesho ni nyepesi, ukaufanya umtumikie.

Wapo wanaopendekeza utazame picha ya uso wako uliozeeshwa kwa kompyuta. Hal Hershfield na wenzake walichapisha majaribio ya namna hiyo mwaka 2011, na waliotazama nyuso zao za uzeeni walisema wangetenga zaidi kwa ajili ya kustaafu. Binafsi ninaona mbinu hii inasifiwa kupita uzito wake, kwa kuwa kutenga fedha za kufikirika ndani ya chumba cha utafiti ni rahisi kuliko kuzitoa mfukoni kila mwezi. Kumwandikia barua mtu utakayekuwa miaka 20 baadaye, ukimweleza unachomwachia na usichomwachia, hufanya kazi hiyohiyo bila mashine.

Kuufupisha upeo uliorefuka mno

Upeo mrefu mno haufanani na tatizo, na ndiyo sababu husababisha hasara kimyakimya. Suzanne Shu na Uri Gneezy waligawa vocha za keki na kinywaji za mkahawa mmoja. Baadhi zilikuwa na muda wa wiki 3 kabla ya kuisha, nyingine miezi 2. Waliopewa miezi 2 ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba wangezitumia. Waliozitumia kweli walikuwa asilimia 6 tu kati yao, wakati wale wa wiki 3 walikuwa asilimia 31. Kama kitu kitamu na cha bure kinaweza kuahirishwa mpaka kikafa, usishangae kwamba matembezi na rafiki, mazungumzo magumu na uchunguzi wa afya huahirishwa vilevile.

Dawa ni kuweka ukuta ambao haupo, na kuuweka mahali panapofaa. Dan Ariely na Klaus Wertenbroch, mwaka 2002, waliwaruhusu wanafunzi wajipangie tarehe za kukabidhi kazi zao. Wengi walijiwekea tarehe za mapema kuliko walivyolazimika, ishara kwamba walijijua, na waliojipangia walifanya vizuri kuliko waliokuwa na tarehe moja tu ya mwisho. Hata hivyo, waliopangiwa na mwalimu tarehe zilizogawanywa kwa nafasi sawa ndio waliofanya vizuri zaidi. Somo la vitendo ni kwamba usijiwekee tarehe ya mwisho peke yake. Igawe kazi katika vipande, kila kipande na siku yake, na umpe mtu mwingine orodha hiyo.

Kwa furaha ya kila siku, ukuta unaweza kuwa wa fikra tu. Jaime Kurtz aliwataka wanafunzi waliobakiwa na takriban wiki 6 kabla ya kuhitimu waandike kuhusu maisha yao ya chuoni. Walioelekezwa wauone mwisho kuwa uko karibu walishiriki shughuli nyingi zaidi za chuo, na furaha yao ikaongezeka, kuliko walioelekezwa wauone kuwa uko mbali. Unaweza kuishi mwezi mmoja katika mji unaoupenda kana kwamba unahama mwisho wa mwezi. Ila kuna tahadhari: fupisha kwa kuhesabu nafasi zilizobaki, si kwa kujitisha. Anayejiambia kila asubuhi kwamba huenda akafa leo hapati utulivu wa wazee wa Carstensen. Hupata wasiwasi, na wasiwasi hufanya maamuzi mabaya kuliko uzembe.

Kuna pia ule mtego wa kukubali mialiko ya mbali. Yaacov Trope na Nira Liberman wameonyesha katika tafiti zao tangu mwaka 1998 kwamba jambo lililo mbali tunalitazama kwa uzuri wake, na likikaribia tunalitazama kwa ugumu wake. Ndiyo maana mtu hukubali kwa moyo mweupe kusimamia mkutano wa miezi 5 ijayo, na wiki yenyewe ikifika anajilaumu. Kipimo chake ni swali moja: kama jambo hili lingekuwa wiki ijayo, ningekubali? Ikiwa jibu ni hapana, basi hutakuwa na nafasi zaidi baada ya miezi 5. Kalenda ya mbali inaonekana tupu kwa sababu tu hujaijaza.

Upeo ukiwa mfupi kweli

Ugonjwa mkubwa unapoingia nyumbani, kila mtu hukaa na upeo wake na hakuna anayeutaja. Madaktari nao hawaponi kosa hili: Nicholas Christakis na Elizabeth Lamont waliripoti mwaka 2000 kwamba madaktari walioulizwa kuhusu wagonjwa wao mahututi walikisia muda uliozidi kwa wastani mara 5.3 ule ambao wagonjwa hao waliishi kweli. Kwa hiyo usiombe namba moja. Uliza mambo yakienda vizuri ni muda gani, yakienda vibaya ni muda gani, na kwa wengi huwa vipi. Kisha uliza mgonjwa ataweza kufanya nini ndani ya muda huo, maana swali hilo la pili lina faida kuliko la kwanza. Ukipewa namba ya katikati, kwa mfano miezi 11, fahamu kwamba nusu ya wagonjwa wa aina hiyo waliishi chini ya hapo na nusu wakavuka.

Hofu ya familia nyingi ni kwamba kuuzungumzia muda ni kuufupisha. Mwaka 2010 Jennifer Temel na wenzake wa Boston walichapisha utafiti wa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa, ambapo nusu walipewa mapema tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa, pamoja na matibabu ya kawaida. Wagonjwa hao walikuwa na maisha yenye nafuu na huzuni kidogo, wachache wao walipewa matibabu mazito ya siku za mwisho, na waliishi miezi 11.6 kwa kipimo cha katikati, ikilinganishwa na 8.9 kwa wenzao.

Kwa anayemhudumia mgonjwa au mzee, kanuni ni kufuata upeo wa mhusika, si wako. Mwana mwenye miaka 35 humletea baba yake vikundi vipya, masomo mapya na wageni wapya, kwa sababu kwa upeo wake yeye hayo ndiyo maisha. Baba anataka kukaa na watu wanne anaowajua. Duara lililopungua kwa kuchaguliwa si upweke. Lakini thibitisha kwamba limechaguliwa: uliza anakosa nani. Akikuorodheshea waliofariki, au akikwambia angependa kwenda kuwaona fulani ila miguu haimpeleki, au akisema hataki kumwona yeyote kabisa, hapo tatizo si upeo, na linahitaji usafiri, faraja au daktari.

Mwisho, weka tarehe ya kuirudia karatasi yako. Namba ulizoandika hubadilika mtoto anapozaliwa, kazi inapoisha, msiba unapotokea, na katika wiki za mwanzo baada ya tukio zito upeo wa kila mtu hujikunja, kisha hufunguka tena, kama ilivyotokea Hong Kong. Uamuzi usioweza kurudishwa, wa kuuza nyumba, kuacha kazi au kuvunja ndoa, ukikujia katika wiki hizo, uandike pamoja na namba iliyousukuma na uusome upya baada ya miezi 3. Ukikuta namba ni ileile, endelea nao.